Fedha Iliyokufa: Je, Yafaa Kuwekwa?

Katika miji yetu ya pwani, aghlabu mzee anapofariki na sanduku lake likafunguliwa mbele ya warithi, hutoka humo kifurushi cha kitambaa au mkebe wa biskuti uliojaa fedha ambazo hapana duka hata moja litakalozipokea. Huwamo rupia zenye sura za wafalme wa Kiingereza, huwamo senti zenye tundu katikati, na siku hizi huwamo noti za zamani za shilingi elfu, ambazo zilikoma kutumika mwishoni mwa Septemba 2019. Hapo warithi hugawanyika. Mmoja husema, "Tupeni, hizi ni takataka." Wa pili husema, "Wekeni, siku moja zitakuwa mali kubwa." Wa tatu huuliza kama vitu hivyo ni mirathi au si mirathi, na kama vina zaka au havina.

Sisi twaona kuwa suali hili lastahili kujibiwa kwa utaratibu, wala si suali la mchezo. Ndani yake mna mambo ya mali, mna mambo ya historia yetu, na mna mambo ya dini. Na watu wengi wamepata khasara kwa sababu hawakulifikiri ila baada ya wakati wake kupita.

Kabla ya kuuliza kama fedha iliyokufa yafaa kuwekwa, yatupasa tujue ni kitu gani hasa kilichokufa. Lugha yetu yayaita madini yale meupe "fedha", na mali ya kununulia vitu pia yaiita "fedha". Hili si ajabu, kwani kwa karne nyingi mambo hayo mawili yalikuwa kitu kimoja. Walakini wanazuoni wa fikihi walikwisha kuyapambanua zamani. Walisema dhahabu na madini ya fedha thamani yake imo mwilini mwake. Mfalme akifa au dola ikianguka, thamani ile haiondoki. Ama fulusi, yaani vipande vya shaba ambavyo watu hukubaliana kuvifanya pesa, thamani yake imo katika mapatano. Mapatano yakivunjika hubaki shaba tu. Wakajadiliana sana juu ya mtu aliyekopa fulusi, kisha mtawala akazibatilisha kabla ya deni kulipwa: je, alipe fulusi zile zile, au alipe kima chake? Mjadala huo watuonyesha kuwa kufa kwa fedha si jambo jipya lililoletwa na benki za leo.

Wazee wetu wa zamani waliishi na fedha ya namna ya kwanza. Reale iliyokuwa ikitembea Lamu, Mombasa na Unguja ilikuwa na sura ya Maria Theresa, mtawala wa Austria, na imeandikwa mwaka 1780, ambao ndio mwaka aliokufa. Uzito wake ni gramu 28, na zaidi ya gramu 23 katika hizo ni fedha safi. Malkia alikufa, lakini reale yake iliendelea kupigwa kwa sura ile ile na mwaka ule ule, kwa sababu wafanyabiashara wa Bara Arabu na Afrika walikuwa wameizoea na hawakutaka nyengine. Haikuwa na haja ya neno la serikali ya hapa, kwani mizani ilitosha kuishuhudia.

Baadaye rupia ya Bara Hindi ikashika mahali pa reale. Sayyid Barghash bin Said wa Unguja naye alipigisha reale na pesa zake katika mwaka 1299 wa Hijra, yaani 1882. Mwaka 1888 kampuni ya Kiingereza iliyokabidhiwa pwani yetu ikapigisha rupia na pesa zenye jina la Mombasa. Mwaka 1919 ikaundwa huko London Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki. Mwaka 1920 ikaletwa florini mahali pa rupia, na florini yenyewe haikudumu, mara ikaondolewa na shilingi. Shilingi iliyopigwa tangu 1921 ilikuwa na robo moja tu ya madini ya fedha. Na ile iliyopigwa tangu 1948 haikuwa nayo hata chembe, ilikuwa ni shaba na nikeli. Mwaka 1966 Benki Kuu ya Kenya ikatoa noti zake, na mwaka 1967 sarafu zikafuata.

Mwenye kuitazama safari hii ataona jambo moja dhahiri: kila mwili wa fedha ulivyopungua uzito, ndivyo neno la serikali lilivyozidi uzito. Tulianza na reale, ambayo ni mwili wenye neno kidogo, tukaishia kwenye noti, ambayo ni neno lisilo na mwili. Na neno lina siku ya kutolewa na siku ya kurudishwa.

Mfano ulio wazi kabisa ulitokea kwa jirani zetu wa Tanganyika katika vita vya 1914 hadi 1918. Wajerumani walipozingirwa na manowari za Kiingereza, wasiweze kuletewa fedha kutoka kwao, walifanya mambo mawili. Walichapisha noti za muda hapo hapo nchini, nyengine zikipigwa kwa mihuri ya mpira. Na mwaka 1916, katika karakana ya reli mjini Tabora, walipiga sarafu 16,198 za dhahabu, kila moja ya rupia 15, zenye picha ya tembo. Serikali ilikuwa moja, na vita vilikuwa vile vile. Waliposhindwa, mwenye noti alibaki na karatasi, na mwenye sarafu ya tembo alibaki na dhahabu. Basi mtu anapotuuliza kama fedha iliyokufa yafaa kuwekwa, nasi twamuuliza kwanza: iliyokufa ni neno lake tu, au hata mwili wake haukuwa na kitu?

Sasa na tuyatazame maneno ya wale wasemao, "Wekeni, zitapanda bei." Hatuwezi kuwaambia kuwa wamesema uongo, kwani wako watu duniani wanaokusanya fedha za zamani na kuzinunua kwa bei kubwa. Lakini bei ya kitu cha kale yafuata mambo matatu: uchache wake, usafi wake, na kuwapo kwa mtu akitakaye. Moja likikosekana, mengine mawili hayafai sana. Sarafu iliyoliwa na chumvi ya bahari, au noti iliyokunjwa mara kumi na kutobolewa na mende, haina mnunuzi hata ikiwa na umri wa miaka mia.

Tuchukue noti za rupia za serikali ya Unguja, zile zenye picha ya jahazi na ya wachumaji karafuu. Zilitolewa kuanzia 1908, na mwaka 1936 zikaondolewa, rupia moja ikibadilishwa kwa shilingi moja na nusu. Leo noti hizo hutafutwa kwa mali nyingi. Mtu akisikia hivyo husema, "Laiti babu yangu angeziweka!" Hebu tufikiri. Kwa nini zimekuwa chache? Zimekuwa chache kwa sababu watu wenye akili walizirudisha, wakapewa haki yao, na zile noti zikaharibiwa. Babu ambaye angeweka noti ya rupia 20 angepoteza shilingi 30 za siku zile, naye asingepata badala yake hata kibaba kimoja cha mchele maishani mwake. Faida ingemwendea mjukuu ambaye hakufanya kazi, au mnunuzi aliyebahatika kupita mlangoni. Basi tusiite jambo hilo akiba. Ni bahati ya mtu mmoja iliyotokana na khasara ya mwengine.

Ama noti za shilingi elfu za Kenya, jambo lake ni dogo zaidi. Tarehe 1 Juni 2019 Gavana wa Benki Kuu alitangaza kuondolewa kwake, na watu wakapewa hadi tarehe 30 Septemba kuzirudisha. Muda ulipokwisha, noti 7,386,000 hazikuwa zimerudi. Hizo ni shilingi bilioni saba na zaidi zilizogeuka karatasi kwa usiku mmoja. Kitu ambacho kiko milioni saba hakiwi adimu. Anayeweka noti mia moja kati ya hizo kwa kutumai kuwa zitapanda ni kama aliyeweka mchanga wa pwani akingoja bahari ikauke.

Hapa ndipo penye uchungu wenyewe wa mas-ala haya, nao hautokani na wakusanyaji wa vitu vya kale. Wengi waliobaki na noti zilizokufa hawakuziweka kwa ajili ya ukumbusho, wala hawakutaka kuziuza kwa watalii. Waliziweka kwa sababu hawakuwa na mahali pengine. Wazee wetu wametufundisha kuwa akiba haiozi, nao walisema kweli, kwani walisema hivyo katika zama za reale na za mtama uliokauka vizuri. Mama aliyeuza mahamri na viazi vya karai miaka ishirini, akaweka noti moja moja chini ya godoro kwa ajili ya kwenda Hija au kumwoza binti yake, yeye aliishika mithali ile kama ilivyo. Hakujua kuwa akiba aliyoiweka ni ya namna inayooza, tena haiozi kidogo kidogo ikamwonya kwa harufu, bali huoza yote kwa tarehe moja.

Na wengi katika hao walijiepusha na benki kwa ajili ya dini yao, wakiogopa riba. Kuogopa riba ni sifa, hatutaki mtu aibezwe. Lakini kuogopa riba hakukulazimishi kuificha mali chini ya ardhi. Tangu mwaka 2008 zimekuwapo nchini mwetu benki zinazofuata taratibu za Kiislamu. Na kabla ya hapo na hadi leo liko duka la kushirikiana, iko mashua, liko shamba, uko mchezo wa akina mama wanaopokezana kwa zamu. Mali imeumbwa itembee. Qur'ani imewaonya kwa onyo kali wale wanaolimbika dhahabu na fedha bila ya kuzitoa katika njia ya Mwenyezi Mungu; na ijapokuwa wanazuoni wamesema kuwa onyo hilo lamhusu asiyetoa zaka, hekima yake yaonekana hata katika mambo ya dunia. Mali iliyofichwa haimfai jirani, haimfai masikini, na mwisho haimfai hata mwenyewe.

Wala lawama isiwe ya wazee peke yao. Tangazo la 2019 lilisomwa kwa miezi minne katika redio na magazeti. Vijana walilijua. Ni wangapi waliokwenda kwa bibi zao wakawauliza kwa adabu, "Bibi, una noti za zamani nikubadilishie?" Wengine waliona haya kuuliza, wengine walidhani bibi hana kitu. Na jambo hili halikwisha. Jirani zetu wa Tanzania, ambako wengi wetu tuna shangazi na wajomba, walitangaziwa na Benki Kuu yao wazirudishe noti za zamani, zikiwamo zilizotolewa kati ya 1985 na 2003, kuanzia tarehe 6 Januari hadi tarehe 5 Aprili 2025. Fedha zitaendelea kufa. Na yule ambaye ana mzee nyumbani ana wajibu wa kumpa khabari kabla ya msiba, asingoje kuja kuhesabu karatasi baada yake.

Mpaka hapa msomaji atadhani twamuunga mkono yule asemaye, "Tupeni." Sivyo. Twakataa fedha iliyokufa kuwa akiba, lakini hatukatai kuwa ina kazi nyengine. Na dalili yetu ni kisa ambacho kila mtoto wa chuo akijua.

Vijana wa Pangoni walipoamka katika usingizi wao mrefu, walimtuma mmoja wao aende mjini na kipande chao cha fedha awaletee chakula kilicho safi. Qur'ani imekitaja kipande hicho. Na wafasiri wengi wamesimulia kuwa muuzaji alipokitazama alistaajabu, kwani kilikuwa cha mfalme wa zamani ambaye zama zake zimepita; akadhani kijana yule amechimbua hazina. Kwa sababu ya kipande hicho watu wakaulizana, wakamfuata, wakajua khabari ya wale waliolala, ikawa ni ishara kwao kwamba ahadi ya Mwenyezi Mungu ni kweli. Na tuzingatie. Sarafu ile ilipokuwa hai ilikuwa yaweza kununua mikate. Ilipokufa ikafanya kazi iliyo kubwa zaidi: ikawa shahidi.

Basi hiyo ndiyo kazi ya fedha iliyokufa, nayo ni kushuhudia. Na sisi watu wa pwani tuna haja ya mashahidi kuliko wengine, kwani mara nyingi imesemwa kuwa miji yetu haikuwa na dola wala biashara ya maana mpaka walipokuja wageni kutoka Ulaya. Maneno hayo hayajibiwi kwa hasira, hujibiwa kwa dalili. Mwaka 1984, katika kisiwa cha Pemba, mahali paitwapo Mtambwe Mkuu, wachimbuzi walifukua hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za madini ya fedha, nyingi zikiwa na majina ya watawala wa pwani hii, pamoja na dinari chache za dhahabu. Ni za karne ya 11, miaka mia nne na zaidi kabla ya Mreno wa kwanza kuiona Mombasa. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa nazo zimeonekana mbali sana: moja imepatikana Zimbabwe Kuu, na tano ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, nazo hadi leo wanazuoni wabishana zimefikaje huko. Vipande hivyo vya shaba havingenunua leo hata kiberiti. Lakini vimesema neno ambalo hapana awezaye kulikanusha.

Na katika hazina ya Mtambwe mna mafunzo mawili, wala hayafai kutenganishwa. Kwetu sisi ni faida, kwani tumeijua historia yetu. Lakini yule aliyeizika alikuwa mtu, alikuwa na nyumba na watoto, naye hakurudi kuichukua. Kile ambacho kwetu ni elimu, kwake kilikuwa ni mali iliyopotea. Mtu asijifanye Mtambwe kwa makusudi, akaizika riziki ya watoto wake ili wachimbuzi wa miaka elfu ijayo wafurahi.

Hata ndimi zetu zimeweka fedha zilizokufa, bila ya gharama yoyote. Neno "pesa" tumelipata Hindi, na ile pesa yenyewe haiko tena madukani. Ndugu zetu wa Tanzania husema "hela", nalo ni jina la sarafu ndogo ya Wajerumani iliyoanza 1904. Wazee wa Mombasa huita senti hamsini "thumuni", na asili yake ni thumni ya Kiarabu, yaani sehemu moja katika nane. Vijana wa leo wakiulizwa maana ya ndururu au peni hawajibu, kwa kuwa hawakuzishika mkononi. Mtoto akionyeshwa kipande chenyewe, neno hurudi na maana yake.

Kwa hivyo jibu letu ni hili. Fedha iliyokufa yafaa kuwekwa ikiwa inawekwa kama shahidi, wala haifai kuwekwa ikiwa inawekwa kama akiba. Na shahidi mmoja au wawili watosha. Hapana haja ya kujaza sanduku. Kila nyumba iweke kipande kimoja cha kila namna, kisafi, mahali pakavu, pamoja na karatasi iliyoandikwa: ni fedha gani, ya mwaka gani, ilikuwa ya nani, na ilinunua nini siku zake. Sarafu bila ya khabari yake ni shahidi bubu. Bibi akisema, "Kwa peni hii nilikuwa nikinunua samaki na nazi," maneno hayo yaandikwe siku hiyo hiyo, kwani yeye hatauzwa sokoni wala hatapatikana tena.

Yamebaki mambo manne ya kidini na ya uaminifu ambayo hatuwezi kuyaacha.

La kwanza ni mirathi. Kila kilichoachwa na maiti chenye thamani, hata kama thamani hiyo ni ya wakusanyaji tu, ni haki ya warithi wote kwa mafungu yao. Si halali mwana mmoja kuchukua rupia za baba kwa kusema, "Hizi hazitumiki," na hali anajua kuwa sonara atazinunua.

La pili ni zaka. Karatasi iliyokufa haina zaka kwa karatasi yake, ila kwa mtu aliyezifanya bidhaa ya kuuza. Lakini sarafu za dhahabu na za madini ya fedha hazikufa mwilini, na zaka yake haifi kwa tangazo la serikali. Nisabu ya fedha ni dirhamu 200, ambazo kwa hesabu inayotumiwa na wengi leo ni gramu 595. Rupia ya zamani ina gramu 10 na sehemu saba katika kumi za fedha safi. Kwa hivyo mwenye rupia 56 amekwisha kufikia nisabu. Mwenye reale 26 za Maria Theresa naye ameifikia. Mwaka ukipita nazo, ni wajibu kutoa robo ya ushuru, yaani mbili na nusu katika mia. Wangapi wana mikebe ya namna hii darini, na hawajaitolea zaka kwa sababu hudhani ni vyuma vya kale?

La tatu ni biashara yake. Kuuza na kununua fedha za zamani kwa shilingi za leo ni halali, kwa mkono na kwa mkono. Lakini wakusanyaji wanaobadilishana rupia za fedha kwa reale za fedha na watahadhari, kwani fedha kwa fedha sharti iwe sawa kwa uzito na ikabidhiwe papo hapo, la sivyo huingia riba bila ya kujua. Na ubaya mkubwa zaidi ni wa mtu anayezunguka mitaani, akaingia kwa mjane, akamwona na noti ya rupia ya Unguja, akamwambia, "Mama, karatasi hii haina kazi, nikupe shilingi mia mbili," naye anajua kuwa ataiuza kwa mali nyingi. Huyo amedanganya kwa ulimi wake, na faida yake ni khiyana hata akiita biashara. Kadhalika yule anayepigisha reale za bandia na kuwauzia wageni akidai ni za mababu.

La nne ni vitu vinavyochimbuliwa katika magofu yetu. Gede, Pate, Takwa na makaburi ya kale si mashamba ya kulima sarafu. Sheria ya nchi ya mwaka 2006 juu ya makumbusho na turathi yamtaka aliyeokota kitu cha kale aiarifu idara inayohusika. Sarafu iliyong'olewa mahali pake na kuuzwa kwa siri hupoteza ushahidi wake, kwani hapana tena ajuaye ilikuwa katika nyumba gani, kando ya kitu gani, chini ya udongo wa zama zipi. Aliyeiuza amepata shilingi chache, na mji mzima umepoteza ukurasa.

Ndugu msomaji, noti uliyo nayo mfukoni leo nayo ina siku yake. Katiba ya 2010 ilikataza sura ya mtu yeyote kuwa katika fedha za Kenya, na kwa ajili hiyo noti zote za 2019 zikabadilika. Kesho kutakuwa na sababu nyengine. Maadamu iko hai, ifanyie kazi yake: lipa deni, toa zaka, msaidie jamaa, ingiza katika biashara ya halali. Na ikisha kufa, weka moja ya kuwaonyesha watoto. Ama nyengine zote, hakikisha zimeondoka mkononi mwako kabla ya tarehe kufika, na muulize mzee wa nyumbani kwako kama naye ana zake.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.